Msichana wa Jalada la Nne

Corinne Zielinski alipomwona yule msichana mara ya kwanza, alidhani Grant amemtumia picha ya mtu mwingine kwa makosa. Msichana amesimama juu ya paa la greda la theluji, miguu peku, amevaa chupi ya chuma na glavu. Glavu moja. Mkono mmoja umeshika upanga unaomzidi kimo, na begani amekaa mbweha mweupe mwenye macho ya mlevi aliyeamshwa. Theluji inavuma pande zote isipokuwa pale ambapo ingemfunika kitu. Kitovu chake kiko katikati kabisa ya picha, kama kengele ya mlango.

Corinne alimpigia simu kule Portland, ofisini kwake, kabla hajamaliza kutafuna.

"Grant, huyu nani?"

"Ah, umeipata! Moto, si ndiyo? Hilo ndilo jalada la nne la toleo lako la kwanza."

"Sijauliza la ngapi. Nimeuliza nani."

"Ni mwanamke," alisema Grant. "Kwenye theluji."

Sasa, hadithi ya Corinne iliitwa Zamu ya Theluji, na mwanamke wa maana aliyekuwamo alikuwa mmoja tu. Jina lake Wanda, umri miaka hamsini na minane, goti bovu, chupa ya kahawa, dereva wa greda la manispaa ya Erie, Pennsylvania. Kila theluji kubwa inapoanguka, wafu wanapanda kutoka ziwani kurudi mjini, na Wanda anawasukuma kwa bamba la greda mpaka walikotoka. Wafu wa Erie hawana makuu. Hawataki damu wala bongo za watu. Wanataka kukaa kwenye makochi yao ya zamani waangalie mpira. Tatizo ni kwamba makochi yana watu wengine sasa.

Corinne aliichora yote kwa mkono wake, kwenye meza ya jikoni, jioni baada ya kazi ya kuchora meno yanayotabasamu kwa ajili ya vipeperushi vya madaktari wa meno. Alishapeleka hadithi hiyo kila mahali. Grant Ostrander, mhariri wa kampuni ndogo ya katuni, ndiye mtu wa kwanza aliyemjibu kwa neno lisilokuwa "asante, lakini". Kwa hiyo Corinne alimheshimu. Alijaribu kumheshimu hata sasa.

"Huyu msichana hayumo kwenye hadithi," alisema.

"Dada yangu, nisikilize. Wewe hujulikani. Mwenye duka la katuni akiona jina lako anaagiza nakala nne, na tatu kati ya hizo ni za huruma. Lakini nikimwambia, bwana, agiza ishirini na tano zenye jalada la kawaida, nami nitakupa moja yenye msichana, moja tu, kwa njia nyingine huipati hata ukilia, basi anaagiza ishirini na tano. Mwenzake wa mji wa pili akisikia, naye anaagiza. Ile moja wanainadi kwa bei ya kuruka."

"Na zile ishirini na tano?"

"Hizo ndizo hadithi yako. Zitakuwa zimefika dukani. Si ndicho ulichotaka?"

"Huyo kijana wenu aliyechora jalada, alisoma hata ukurasa mmoja?"

"Asome nini, na wewe ulikuwa hujamaliza? Majalada tunayatangaza miezi mitatu kabla. Nilimwambia: theluji, greda, mwanamke. Haya, nionyeshe alipokosea."

Corinne aliitazama picha tena. Theluji ilikuwapo. Greda lilikuwapo. Kuhusu mwanamke, hakuna aliyeweza kubisha.

Alipoweka simu chini alisikia pumzi nyuma ya bega lake. Mama yake, Bernadette, alikuwa amesimama na kikombe chake cha kahawa, miwani kwenye ncha ya pua. Bernadette aliendesha greda la theluji mjini humo mpaka goti lilipomwambia basi. Tangu Corinne aachane na mumewe, mama na binti waliishi pamoja, kila mmoja akiamini kwamba yeye ndiye anayemtunza mwenzake.

"Huyu mtoto wa nani?" aliuliza Bernadette.

"Wa jalada la nne."

"Atapata nimonia." Akasogeza uso karibu na kioo. "Na nani kamruhusu kupanda paani? Pale mahali panateleza. Hata mwenye buti anavunjika nyonga."

"Ni picha ya kuuzia tu, Mama."

"Kuuzia nini? Mbweha?"

Mji mzima ulijua kwamba Wanda ni Bernadette. Goti lilikuwa lake, chupa ya kahawa yake, hata ule mtindo wa kumtukana mtu kwa kumtakia Jumapili njema ulikuwa wake. Bernadette peke yake ndiye aliyekana. "Mimi sijawahi kumgonga maiti," alikuwa akisema, "angalau si kazini." Lakini toleo la kwanza lilipokaribia, aliwaambia wenzake wote wa klabu ya Wapolandi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kama siri.

Katuni mpya hutoka Jumatano. Jumatano hiyo Corinne alivaa blauzi yake ya mazishini kwa kuwa ndiyo nzuri aliyokuwa nayo, akaenda dukani kwa Dwight Pomeroy, Mtaa wa Peach, kuwasainia wasomaji. Dwight alikuwa pande la mtu lenye sauti laini ya padri, na alikuwa amemwandalia meza, kalamu, na sinia la vile vibonge vya mkate vyenye soseji ya pilipili ndani, ambavyo mtu wa Erie hafanyi sherehe wala msiba bila kuvila. Nje kulikuwa na foleni. Foleni yenyewe ilipita duka la matairi ikakunja kona.

"Dwight, hawa wote wamenijia mimi?"

"Wote, bibie," alisema Dwight. Halafu dhamira ikamsuta. "Kwa kiasi fulani."

Wa kwanza alikuwa bwana mmoja aliyevaa glavu nyeupe za pamba kama mbeba jeneza. Aliweka mezani nakala ya yule msichana, akaitoa kwenye plastiki taratibu, huku amebana pumzi.

"Nikuandikie jina gani?" aliuliza Corinne.

"Usiandike jina! Jina linaiharibu. Sahihi tu. Hapa, kwenye theluji. Mguu usiuguse."

"Umeshaisoma?"

Yule bwana alimtazama kana kwamba ameulizwa kama ameshailamba. "Ukifungua, mgongo unapata mkunjo. Hii inakwenda kukaguliwa na kufungiwa kwenye kasha gumu. Ikishaingia humo haitoki mpaka kiyama."

"Sasa utajuaje kilichomo ndani?"

"Si kuna jalada?" alisema yule bwana, akaondoka ameikumbatia kama mtoto mchanga.

Wakaja wengine, na wengine. Wote msichana, wote theluji, mguu usiuguse. Kisha akaja mwanamume mwenye ndevu mpaka kifuani, kavaa soksi ndefu za rangi ya ngozi na vifuniko viwili vya sufuria mahali panapohusika, na miguuni buti nzito za theluji, maana hakuwa mwendawazimu. Mbweha wake alikuwa wa sufi. Corinne alimpenda papo hapo.

"Mimi nimesoma," alisema yule mwenye ndevu. "Nimesoma mara mbili nikiwa kwenye foleni. Huyu Wanda ni balaa! Pale anapomwambia yule marehemu Jumapili njema nilicheka mpaka vifuniko vikadondoka."

Machozi yalimlengalenga Corinne. "Asante, ndugu yangu."

"Ila Vixa anaingia lini?"

"Vixa ni nani?"

Yule bwana akajionyesha, juu mpaka chini. "Mtandaoni kote ndivyo tulivyombatiza. Kwani wewe hujui jina lake?"

Foleni ilipokwisha, Corinne aliinua sinia la vibonge ili ajipatie kimoja, na chini yake akakuta rundo la jalada la kwanza, lile alilolichora mwenyewe: Wanda kwenye usukani, macho mbele, taa zikikata tufani. Sinia lilikuwa limemwachia Wanda duara la mafuta kwenye paji la uso.

"Usinitazame hivyo," alisema Dwight. "Nimelazimika kubeba hamsini ili nipewe wasichana wawili tu, hao wengine nimewanunua kwa wenzangu wa miji mingine. Wasichana wameshaolewa. Hawa mama zao ndio wameniganda hapa."

"Wape wateja wako."

"Niliwapa bure. Mmoja alikataa, kasema hana nafasi garini."

Bernadette alipopata habari hizo alikwenda mwenyewe kwa Dwight, akachukua kumi, akazifuta mafuta kwa leso, akazigawa klabuni. Alizisaini pia. Corinne alipomwuliza kwa nini amesaini kazi ya mtu mwingine, alijibu kwamba uso ni wake.

Grant alipiga simu wiki ile ile, sauti imejaa asali.

Ilikuwa hivi. Maduka hufunga maagizo ya toleo la pili kabla la kwanza halijasomwa na mtu yeyote. Ndiyo kawaida ya biashara hiyo: kuuziana mbuzi kwenye gunia, halafu kugombania gunia. Toleo la pili lilikuwa limeagizwa kidogo sana. La tatu ndilo lililokuwa linaulizwa sasa, na swali lilikuwa moja tu.

"Wanauliza kama yumo," alisema Grant.

"Nani?"

"Unajua nani. Kwa hiyo nimepanga hivi. Toleo la tatu, Vixa anaingia. Toleo la nne, Wanda anakufa kishujaa, anamkabidhi usukani. Toleo la tano jina la katuni linabadilika."

"Linakuwa nini?"

"Vixa."

"Vixa, halafu?"

"Vixa, basi. Watu wanapenda fupi."

Corinne aliketi. "Grant, Wanda ni mama yangu."

"Najua, na ni mama mzuri sana. Ndiyo maana kifo chake kitauma."

"Na nikikataa?"

"Basi la tatu ndilo la mwisho." Asali ilipungua. "Na yule msichana ni mali ya kampuni, kijana alishatia sahihi. Tutamtengenezea katuni yake, achore mtu mwingine. Sikutishi, Corinne. Nakupa taarifa tu, kama rafiki."

"Rafiki wa nani?" aliuliza Corinne, lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Alizunguka jikoni. Miaka yote ile alitaka kitu kimoja: mwanamke mnene wa makamo, mwenye goti bovu, awe shujaa wa hadithi kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, asifie njiani ili msichana mwenye kiuno apate nafasi ya kulia vizuri. Akikubali, atamwua Wanda kwa penseli yake mwenyewe. Akikataa, Wanda atakufa hata hivyo, kwa njaa. Na mama mwenyewe yuko pale kwenye sinki, anamenya viazi vya kujazia pierogi, vile vibonge vya Kipolandi vya kuchemsha, mgongo wake ukisikiliza.

"Sema," alisema Bernadette bila kugeuka.

"Wanataka nimwue Wanda."

"Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Yule msichana anataka nafasi."

"Anakufaje?"

"Greda linamponyoka kwenye mteremko wa Mtaa wa State, anaingia nalo ziwani pamoja na wafu wote."

Bernadette aligeuka, kisu mkononi. "Upuuzi. Greda lina breki."

"Mama, ni hadithi."

"Hadithi nayo haina breki? Mteremko ule nimeshuka juu ya barafu na kahawa mkononi, sikumwaga hata tone. Ukiniulia pale, wale wazee klabuni watacheka mpaka waniue kweli." Akarudi kwenye viazi vyake, akakimenya kimoja mpaka kikawa kama jicho. "Na tangu lini mtu anapoteza kazi kwa sababu msichana fulani kapanda paani?"

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi? Mtoto yuko uchi juu ya paa langu, kwenye tufani vile? Ningekanyaga breki ashuke. Halafu ningempa koti. Halafu ningemwuliza kama mama yake anajua yuko wapi."

Corinne aliacha kuzunguka. "Hebu rudia."

"Mama yake anajua—"

"Hapana. Ya breki."

Alianza kuchora hata viazi havijachemka.

Ukurasa wa kwanza wa toleo la tatu aliutoa sadaka. Vixa amesimama paani, upanga juu, kitovu mahali pake, mbweha anabweka. Ulikuwa mzuri kuliko hata jalada la yule kijana, maana Corinne, akiudhika, huchora vizuri sana. Ukurasa wa pili Wanda anakanyaga breki. Ukurasa wa tatu ni theluji tupu, na miguu miwili imechomoza. Ukurasa wa nne Wanda anashuka na goti lake, anavuta mguu mmoja, anasema, "Vaa koti."

Lilikuwa koti la manispaa: rangi ya chungwa, lenye mistari ya kung'aa, kubwa la kutosha watu wawili na mbwa. Lilimfikia Vixa kwenye vifundo vya miguu. Wanda akamwongezea kofia ya sufu yenye kibonge juu na soksi za marehemu mmoja ambaye hakuwa na haja nazo tena. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa toleo Vixa ameketi kiti cha abiria, mbele ya hita, anapenga kamasi na kusimulia jinsi alivyogombana na nyumbani kwao. Mbweha anakula mkate wa Wanda. Upanga ukaonekana una kazi moja nzuri mno, nayo ni kukwangua barafu kwenye kioo. Wafu wanakuja, Wanda anawasukuma, Vixa anawaonea huruma, anaomba mmoja aruhusiwe kuangalia kipindi cha pili cha mpira kisha arudi. Wanda anafikiri. Anakubali. Goti halikutajwa hata mara moja, lakini lilikuwamo.

Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kuzifanya, na alijua Grant hataipitisha.

Grant alipiga siku kurasa zilipofika kwake. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wakibishana.

"Corinne, nina dakika moja. Huku tunagombana na kiwanda cha kuchapa, wanasema wino wa kung'aa gizani unanata. Tumefikisha majalada kumi na moja, unaamini? Vixa wa kung'aa, Vixa wa rangi ya dhahabu, Vixa amegeuka nyuma. La kwanza tu ndilo la Wanda, kwa kuwa mkataba unakupa moja. Haya, niambie. Yumo?"

Corinne alivuta pumzi. "Yumo kila ukurasa."

"Kila ukurasa! Unaona? Ulikuwa unanisumbua bure. Ana upanga?"

"Anao. Anautumia mno."

"Mbweha?"

"Yupo. Anakula."

"Anakula watu?"

"Grant, si fungua tu utazame?"

"Dada, nitatazama. Sasa hivi nina wino unanata." Akapaza sauti kwa mtu mwingine: "Peleka, peleka!" Na kurasa zikaenda mtamboni bila jicho la mhariri kuzigusa.

Corinne alibaki na simu mkononi. Bernadette aliuliza Grant kasemaje.

"Kasema safi."

"Kasoma?"

"Mama, hii biashara hakuna anayesoma."

Jumatano ya toleo la tatu foleni ilipita duka la matairi ikafika kwenye benki. Dwight alikuwa na kasha zima la wasichana, na chini ya meza, imefichwa kwa kitambaa, milima ya jalada la kwanza aliyolazimishwa kuibeba. Corinne alisaini mpaka mkono ukakakamaa. Kwenye theluji. Mguu usiuguse. Hakuna aliyefungua. Yule mwenye glavu za pamba alinunua majalada yote kumi na moja isipokuwa la Wanda, akayapeleka kufungiwa bila kuyapindisha hata kidogo. Yule mwenye ndevu, ambaye angesoma, alikuwa kitandani na mafua. Vifuniko vya sufuria si nguo.

Siku ile ikapita. Ya pili nayo ikapita. Corinne alianza kufikiri kwamba ameandika barua na kuitumbukiza kisimani.

Jumamosi Dwight alimpigia, na sauti yake ya padri ilikuwa imepasuka.

"Bibie, umefanya nini?"

"Kwani nini?"

"Kuna mteja kamwagia soda msichana wake wa dhahabu. Hapa hapa dukani. Kapiga yowe, kafungua ili akaushe. Halafu kanyamaza. Halafu kaita mwenzake. Bibie, huyo msichana kavaa koti!"

"Kuna baridi, Dwight."

"Wanapiga picha. Wameshazituma mtandaoni. Mmoja kanitukana mimi, utadhani mimi ndiye nilimshonea." Akashusha pumzi. "Mwingine kakaa sakafuni anasoma. Hajanyanyuka. Sijawahi kuona mtu akisoma humu ndani, sijui nimfukuze?"

Grant hakuchelewa. Alipiga wakati Corinne na mama yake wanakula, na Corinne aliiweka simu mezani ili wote wasikie, maana mezani kwao hakuna siri.

"Watu wamelipia mgongo mtupu!" alipiga kelele Grant. "Umewapa koti! La chungwa!"

"Uliniuliza kama yumo. Nikakwambia yumo."

"Umenifanya mjinga mbele ya kila mtu!"

"Ulikuwa na nafasi ya kufungua."

"Nimemaliza na wewe! Toleo la nne sichapi! Wanda ameshakufa, umesikia? Ameshakufa!"

"Mimi ninakula," alisema Bernadette kwenye simu. "Jumapili njema." Akaikata.

Hawakumaliza chakula. Corinne aliosha sahani zilizokuwa safi. Alijiambia kwamba angalau Wanda hakuzama ziwani, angalau alibaki na usukani wake na breki zake, lakini jambo hilo halikumfariji. Matoleo matatu tu. Baadaye itakuwa meno, meno, meno.

Ila kuna jambo ambalo Grant, pamoja na ujanja wake wote, hakulipigia hesabu. Makelele yale yalisambaa. Kila mwenye Vixa alisikia kwamba ndani kuna koti, kuna marehemu anayeangalia mpira, kuna mbweha mwizi wa mkate. Na kila mmoja wao alitaka kuona. Lakini angeona vipi? Msichana wake alikuwa ameshafungiwa kwenye kasha mpaka kiyama. Kulivunja kasha ni kujichinja. Kwa hiyo wakafanya kitu ambacho hakikuwa kimewahi kutokea: wakarudi madukani kuuliza kama kuna nakala ya kusoma.

Nakala za kusoma zilikuwapo. Zilikuwa chini ya meza, zinashikilia milango, zimebebeshwa masinia. Jalada la kwanza. Wanda, macho mbele. Dwight aliuza mlima wote kabla Jumatano nyingine haijafika, akauza na zile za toleo la kwanza zenye duara la mafuta. Yule mwenye glavu za pamba alinunua moja, akaenda kusimama kwenye kona, akavua glavu.

Na madukani walipoishiwa, wakampigia Grant kuomba zaidi.

Basi asali ilirudi, tena ya kumwaga. "Corinne, dada yangu, nilisema mengi. Wino ule ulinipanda kichwani. Sikiliza, nina habari nzuri. Wanda hafi."

Corinne alimwashiria mama yake anyamaze, ingawa mama alikuwa hajasema kitu. "Hafi lini?"

"Hafi kabisa. Nani atamwendeshea Vixa greda? Jina la katuni halibadiliki. Nakuandikia, nakutilia sahihi, matoleo kumi na mawili. Ila nahitaji kitu kimoja kutoka kwako. Nahitaji jalada la kwanza."

"Lile ndilo langu."

"Najua. Lakini sikia: Vixa na koti. Koti la chungwa, koti la njano, koti la zimamoto, koti la bibi wa kanisani. Moja kwa kila hamsini! Maduka yataomba hata usiku. Lakini siwezi kumweka Wanda juu. Wanda abaki ndani. Ndani mfanye unavyotaka, sitakuingilia."

"Hutaingilia kwa sababu hutasoma."

"Basi tumeelewana."

"Nitakupigia," alisema Corinne.

Aliweka simu chini na kumtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze aliona aibu kusema. Kwa Grant aliweza kujitetea. Lakini huyu ndiye aliyefuta mafuta kwenye paji lake mwenyewe kwa leso akaenda kujigawa klabuni.

"Mama, Wanda atabaki. Matoleo kumi na mawili, yeye ndiye dereva, hadithi ni yake. Ila hatakuwa juu ya jalada tena. Juu atakuwa yule mtoto na makoti yake. Nikikataa, hakuna kitu." Akangoja. "Niambie. Uso ni wako."

Bernadette alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alichukua muda wake. Hakuwa mtu wa kuharakishwa, hata na manispaa.

"Miaka yote ile niliyoendesha," alisema, "kuna mtu aliwahi kuniona?"

"Watu walikuona, Mama."

"Waliona taa na bamba. Walipiga honi, wengine walinitukana kwa sababu nimewazibia njia ya gari zao. Asubuhi wanatoka, barabara nyeupe imekuwa nyeusi, wanakwenda kazini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani alikuwa ndani." Akasukuma kikombe chake kando. "Dereva anakaa ndani, Corinne. Ulitaka nikae wapi, paani?"

"Kwa hiyo nikubali?"

"Kubali. Lakini masharti yangu umwambie huyo bwana. Yule mtoto hapandi juu tena, hata kwenye picha ya kuuzia. Asimame chini, pembeni, buti mguuni. Mimi sitaki kesi. Na mbweha akae nyuma, mkate wangu sitaki auguse."

"Grant hatasikia habari ya mbweha."

"Basi mwandikie hiyo kwenye mkataba, kwa vile mkataba anasoma, vitabu ndivyo hasomi," alisema Bernadette, akaenda kuwasha jiko. Corinne alivuta karatasi safi, akachonga penseli, na kabla hajampigia Grant akaanza kuchora buti.